Suruali ya Mwalimu wa Hisabati

Mwalimu wetu wa Hisabati wa darasa la saba alivaa suruali fupi mwaka mzima, na mimi nilijua sababu. Wenzangu darasani walidhani ndiyo mtindo wa watu waliopita chuo cha ualimu. Mimi nilikuwepo siku alipoleta kitambaa chake barazani kwetu, kwa hiyo dharau yangu kwake haikuwa ya kusikia. Ilikuwa na ushahidi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya nyumba aliyoiacha babu yake, mtaa wa pili kutoka sokoni Kariakoo, mbele ya cherehani ya miguu na benchi la wateja, tepu shingoni. Tepu ile upande mmoja ilikuwa na inchi na upande wa pili sentimita. Serikali ilikuwa imeshatuamuru tuhamie kwenye mita, lakini wazee wa mtaani walikuwa bado wanakuja na wari zao na inchi zao, na Baba alimpimia kila mtu kwa upande alioutaka. Mimi nilikuwa natia vifungo nikitoka shule. Mama alikuwa amefariki nikiwa darasa la pili, na Baba alikuwa na neno moja alilolirudia tangu hapo, kwamba cherehani hii iishie kwake. Maana yake ni kwamba mimi nisome, nichaguliwe kwenda sekondari, nisikae barazani.

Basi mwanzoni mwa mwaka ule akaja Mwalimu, kijana mwembamba, kitambaa cha kijivu kimekunjwa kwapani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alisema anataka suruali mbili, na kwamba amejipima mwenyewe kuanzia kiunoni mpaka kwenye kisigino cha kiatu, akapata mita moja na sentimita tano. Kitambaa kilikuwa kipana, suruali moja inatoka kwenye urefu mmoja. "Sasa fundi, mita moja na sentimita tano mara mbili ni ngapi?"

"Mbili na kumi," Baba akasema.

"Ndiyo hiyo hapo. Nimekatiwa hasa."

Baba akakifungua kitambaa, akakivuta kwa vidole viwili, akakinusa. "Mwalimu, mkasi nao unakula. Pindo linakula, kiuno kinakula. Na hiki cha kiwandani kwetu ukikifua kinaruka, kinapungua. Ongeza nusu mita."

"Hesabu haidanganyi, fundi," Mwalimu akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemsamehe asiyesoma.

"Haya," Baba akasema.

Baba alikuwa na haya mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukubali. Ya pili aliitoa taratibu, macho yakiwa kwenye kazi, na maana yake ilikuwa: nimekusikia, utajijua mwenyewe. Ile ilikuwa ya pili.

Suruali zilikuwa tayari baada ya siku nne. Zilipofuliwa mara ya kwanza zikaonyesha soksi. Zilipofuliwa mara ya tatu zikaonyesha mahali soksi zinapoishia. Mtu huyo ndiye aliyesimama mbele yetu kila asubuhi, chaki mkononi, kutufundisha vipimo.

Na alivyofundisha, Mungu amsamehe. Alikuwa na bunda la mitihani ya miaka ya nyuma, karatasi za stensili zilizoanza kuwa njano, na alikuwa na imani juu yake kama mtu na hirizi. Aliamini maswali huzunguka. Lililotoka juzi litarudi kesho limebadilisha shati. Kwa hiyo hatukufundishwa kufikiri. Tulikaririshwa. Aliandika swali ubaoni, akaandika jibu, akafuta vyote viwili, akauliza, "Namba kumi na saba?" na darasa zima likaitika jibu bila kukumbuka swali. Mimi niliona aibu kuitika. Nilifungua mdomo tu, sauti nikaiweka akiba.

Kilichonichosha zaidi ni mchakamchaka. Shule nyingine zilikimbia asubuhi zikiimba nyimbo za chama na za kilimo. Sisi Mwalimu alitutungia za Hisabati. Alfajiri tulitoka shuleni tukakimbia mpaka Msimbazi, tukazunguka kwa Gerezani, yeye pembeni na filimbi, miguu ya suruali ikipepea.

"Nusu ya kitako?"

"Mara kimo!"

"Eneo la nini hilo?"

"Pembetatu!"

Wachukuzi waliokuwa wanashusha viazi na vitunguu sokoni walitusubiri. Kufika katikati ya mwaka walikuwa wanaitika kabla yetu, magunia mgongoni, na wengine walikuwa wanajua eneo la pembetatu kuliko nusu ya darasa. Mwalimu alifurahi. Alidhani anaelimisha umma. Mimi nilikimbia nimeinamisha kichwa nisionekane na wateja wa Baba.

Aliyekaa dawati moja nami alikuwa binti wa mmoja wa wachukuzi hao, watu waliohamia kutoka kusini. Alikuwa mtaratibu wa kuelewa. Sehemu zilimtesa, desimali zilimlaza na viatu. Lakini alikuwa anaitika kwa sauti ya kutoka tumboni, alinakili kila jibu kwenye daftari alilolikata vipande vinne ili liingie mfukoni, na alikuwa analisoma akisubiri zamu yake bombani. Nilimwonea huruma, na huruma yangu wakati ule ilikuwa dharau iliyooga.

Nisieleweke vibaya, hesabu nilikuwa naziweza. Nilikuwa nazimaliza kabla Mwalimu hajaweka nukta. Ndiyo maana nilikuwa nazo nafasi za kuangalia soksi zake na kuyachunguza maswali yenyewe, na nilichokiona kilinichekesha. Yalikuwa maswali ya nchi ambamo hakuna mtu aliyewahi kuishi. Mashamba ya vijiji yote ya mraba. Gari linatoka hapa mpaka Morogoro halipati pancha. Tangi linajazwa na bomba moja huku bomba jingine linalimwaga, na hakuna mwenye akili wa kwenda kulifunga la pili.

Siku moja likaja la mtaro. Watu sita wanachimba mtaro kwa siku nane, watu kumi na wawili watauchimba kwa siku ngapi? Darasa likaitika, "Nne!" Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtaro huo uko wapi?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwetu Jumamosi kulikuwa na msaragambo wa kuchimba mtaro. Balozi wa nyumba kumi alileta watu wengi. Nusu walichimba, nusu walisimulia. Wakiwa kumi na wawili, sita watachimba na sita watasimulia. Zitakuwa siku nane zilezile."

Darasa likavunjika mbavu. Hata binti wa dawati langu alicheka, ingawa kwanza aliandika "4" asije akasahau. Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, nikatoa mkono, akanichapa fimbo mbili za kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeniambia mimi peke yangu, "Mtihani haukuulizi habari za mtaani kwenu. Unakuuliza kilichoandikwa. Wewe una akili, usiichezee."

Hilo lilikuwa neno la maana pekee alilolisema mwaka ule, na mimi nilikuwa naangalia vifundo vya miguu yake.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Baba. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedali. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Nikirudi, kabla sijavua sare, ananiuliza, "Leo suruali imesemaje?" Nami namwambia suruali imesema hivi na vile, natembea barazani kwa hatua za Mwalimu, nimepandisha gauni juu ya magoti, na wateja kwenye benchi wanacheka. Siwezi kusema nilikuwa mtoto asiye na raha. Nilikuwa na raha sana. Nilikuwa na baba aliyekubaliana nami kwamba mwenye chaki ni mjinga na mwenye mkasi ndiye mwenye akili, na jioni moja baada ya nyingine tuliula ujinga wa mtu yule kama kashata.

Kumbe ningetakiwa kuogopa. Katika shule yetu, waliokuwa wanachaguliwa kwenda sekondari kila mwaka walihesabika kwa vidole vya mkono, na wakati mwingine kidole gumba hakikuhitajika. Waliobaki waliitwa waliomaliza. Kumaliza kulikuwa na milango miwili kwa msichana wa mtaani kwetu: kuolewa, au kukaa karibu na mama yake akisubiri kuolewa. Mimi mama sikuwa naye, nilikuwa na cherehani.

Siku ya mtihani madawati yalitenganishwa, msimamizi akaletwa kutoka shule nyingine, Mwalimu wetu akaamriwa akae mbali. Alisimama chini ya mlingoti wa bendera, mikono nyuma, midomo inacheza. Nafikiri alikuwa anarudia majibu.

Karatasi ya Hisabati ikaja. Niipe haki yake imani ya Mwalimu: maswali yalikuwa yamezunguka kweli, mengi yake, na shati hayakulibadilisha sana. Nilikuwa nasikia kalamu za wenzangu zikikimbia. Nami nilikimbia, magazijuto, asilimia, mzingo wa duara, mpaka nikafika kwenye swali la kitambaa.

Bohari la kijiji cha ujamaa lina kitambaa cha mita themanini na nne. Sare moja ya mwanafunzi inahitaji mita tatu na nusu. Zitapatikana sare ngapi?

Jibu lilinijia kabla sijamaliza kusoma. Ishirini na nne. Liliingia kichwani likiwa zima, na ningeliandika ningekuwa nimeendelea na safari. Sikuliandika. Niliinua macho, na kupitia dirishani nikaziona soksi za Mwalimu chini ya bendera.

Nani aliyetunga swali hili, nikajiuliza. Mwingine wa aina ya Mwalimu. Mtu ambaye hajawahi kushika mkasi, anagawanya jora kama anagawanya mkate kwa macho. Hakuacha ya mkasi, hakuacha ya kuruka. Huko kijijini watoto ishirini na wanne watavaa magauni yanayoishia mapajani, na yeye yuko ofisini anasema hesabu haidanganyi. Nikaongeza robo mita kwa kila sare, nusu yake ya mkasi na nusu yake ya kuruka. Mita tatu na robo tatu. Themanini na nne nikazigawanya upya. Nikaandika ishirini na mbili, nikaikandamiza kalamu, na katika maisha yangu yote ya shule sijawahi kuandika jibu kwa utamu kama ule. Nilijua kabisa wanataka nini. Nilikuwa nawakatalia.

Tulipotoka, Mwalimu akatuzunguka akiuliza moja moja. Alipofika kwenye kitambaa darasa likaitika kwa sauti ya mchakamchaka, "Ishirini na nne!" Alifumba macho kwa furaha. Mimi nikapita pembeni natabasamu, nikaenda zangu.

Baba alikuwa anamalizia kanzu. Akaniuliza kwa mzaha, "Suruali imekuulizaje leo?"

Nikamsimulia swali la kitambaa, na jibu langu.

Akaacha kupiga pedali. "Ishirini na mbili?"

"Nimeacha ya mkasi na ya kuruka."

Aliniangalia kwa muda, tepu shingoni, halafu akarudisha macho kwenye kanzu. "Haya," akasema taratibu, na cherehani ikaendelea.

Mimi niliyezijua haya zake zote mbili nilisikia ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo niliyoitaka.

Majina yalikuja baada ya miezi, yamepigwa chapa kwenye karatasi moja, yakabandikwa ubaoni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Yalikuwa manne. La pili lilikuwa la binti wa dawati langu. Langu halikuwemo. Baba alikuja mwenyewe, akaisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kwa kidole, polepole. Siku zile hukuambiwa alama zako. Ulikuwa na jina au hukuwa nalo, na usiku uliobaki ulikuwa wako wa kukisia. Labda ni lile swali moja, labda ni mengine ambayo sikumbuki kuyaharibu. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba alama moja niliitupa kwa mkono wangu, nikicheka.

Mwalimu alikuja barazani jioni ileile. Nilimwona kwa mbali nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya pazia. Nilikuwa na hakika amekuja kutucheka.

"Fundi, sielewi," alisema. "Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu, kama akitoka mmoja tu ni huyu." Kisha akaongeza, "Nimeandika barua wilayani waangalie tena karatasi yake. Pengine wamekosea."

Baba akamshukuru, akamkaribisha kahawa, naye akasema anawahi. Sikutoka. Nilisema moyoni, hata barua yake atakuwa amekosea kujumlisha. Niliona kulia ni kumpa ushindi, nikashika hasira badala yake. Barua hiyo haikujibiwa, au ilijibiwa nasi hatukuambiwa.

Kabla mwaka mpya wa shule haujaanza, Baba alipata kazi ya sare za wasichana wa kidato cha kwanza, magauni kumi na mawili. Ofisi ya elimu ikaleta jora la buluu na karatasi: mita arobaini na mbili. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama. Mita tatu na nusu kila moja, kipimo kilekile cha mtihani.

Wasichana walikuja kupimwa. Binti wa dawati langu alikuja na baba yake, ambaye alivua kofia mlangoni kana kwamba anaingia ofisini. Nikamshikia tepu mimi. Kiuno inchi ishirini na tatu, mabega kumi na nne. Alisimama wima, mikono imekaza ubavuni, na nilipoinama kupima urefu akaninong'oneza.

"Lile la kitambaa uliandika ngapi?"

"Ishirini na nne," nikasema.

"Afadhali," akasema, kwa moyo wake wote. "Nilikuwa naogopa peke yangu. Mimi sikupiga hata hesabu, nilikumbuka tu."

Walipoondoka nikamwambia Baba kitambaa hakitoshi. Nilisema kwa sauti ya mjuzi, nikizungusha uzi kwenye bobini. Kwa kumi na mawili ni pungufu, kitatoa kumi na moja, awarudishie ofisi ujinga wao.

Alililoweka jora zima kwenye beseni kubwa, akalianika uani, likaruka lilivyotaka kuruka. Kesho yake asubuhi akafagia baraza yote, akatandika mkeka, akakitandaza kitambaa juu yake kwa mikunjo, akapiga magoti na chaki. Hakuchora gauni moja likaisha ndipo achore la pili. Alichora yote pamoja. Bega la hili akalipenyeza kwenye kwapa la lile, kola akazitoa kwenye shingo zilizokatwa, sketi moja akaiweka juu na nyingine akaipindua chini ili pana na nyembamba zikutane. Nilikuwa nimemwona akikata nguo za watu miaka yote, moja moja, jinsi wateja wanavyokuja. Jora zima la sare sikuwahi kumwona akilikata. Alipomaliza kuchora nikahesabu, kisha nikahesabu tena. Yalikuwa kumi na mawili, na pembeni pamebaki kipande cha kutosha kofia.

"Nguo moja moja ndiyo inayokula kitambaa," alisema bila kuinua kichwa. "Zikiwa nyingi zinaazimana."

Nikasimama pale na sindano mkononi. "Kwa hiyo ile ya mtihani..."

"Ishirini na nne. Fundi asiyeweza kuzitoa si fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Karatasi ulikuwa umeshaitoa. Ningekuambia ili iwe nini?"

Lakini nilibaki na moja la mwisho la kusimamia, na nikalishika kwa nguvu. Nikamwambia, hata hivyo, suruali ya Mwalimu si ilikuwa haitoshi? Ile si kila mtu aliiona?

Baba akaiweka chaki chini. Alikaa kitako juu ya mkeka, akafuta mikono kwenye msuli.

"Ile ilikuwa inatosha," alisema. "Ningekiloweka kwanza kama hiki. Kiuno ningekitoa kwenye upana uliobaki, pindo ningelitia kitambaa cha mifuko kwa ndani, lisionekane. Suruali mbili, ndefu, na asingejua kama kulikuwa na shida." Akalitazama jora. "Alinikera na hesabu yake. Nikamkatia vilevile alivyosema."

Kisha akaninyooshea mkasi. Akaniambia niushike kwa mkono wote, si kwa vidole, na nianze kukata pale kwenye shingo.